Je, Wajua? Valvu za Gitaa, Hita na Mchanga wa Kwale

Mpiga gitaa wa Ukunda au Msambweni akibahatika kupata amplifaya ya zamani ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka wekundu nyuma ya sanduku, haupiti muda kabla hajauliza: valvu kubwa zimechoka, za aina yake ni ghali, je, nikichomeka za aina nyingine? Soketi ni ileile, pini ni nane, zinaingia bila kulazimishwa. Safu ya leo ni ya swali hilo. Itapita Zanzibar, Bombay na California, lakini sehemu ya habari hii imelala chini ya ardhi ya Pwani yetu, na nyingine iko juu ya miti ya Diani.

Je, wajua kwamba valvu ni mtoto wa balbu ya umeme? Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming aliomba hataza ya balbu yenye bamba la ziada ndani yake, lililoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest akaweka waya mdogo katikati, unaoitwa gridi. Tangu hapo volti chache kwenye gridi ziliweza kuongoza mkondo mkubwa wa elektroni unaotoka kathodi, sehemu inayopashwa moto, kwenda anodi, yaani lile bamba, kama koki inavyoongoza maji ya bomba. Amplifaya ya gitaa ni koki kadhaa za namna hiyo zilizopangwa mfululizo. Ndogo za mbele huikuza sauti ya nyuzi, kubwa za nyuma huisukuma spika. Hizo za nyuma ndizo zinazoleta maswali.

Wajua kwamba sauti ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, ilipita kwenye valvu? Kuanzia 1925 kampuni kubwa za santuri ziliacha kurekodi kwa pembe na kuhamia maikrofoni na amplifaya. Siti na wenzake walivuka bahari kwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, wakati valvu zimeshashika kazi. Kila anayesifu uwazi wa santuri zile anausifu pia ufundi huo uliokuwa na umri wa miaka mitatu tu.

Na wajua kwamba gitaa la umeme la Kenya lina mzizi wa Pwani? Fundi Konde, mzaliwa wa upande wa Kilifi mwaka 1924, aliburudisha wanajeshi huko Asia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akarudi nyumbani. Wengi humhesabu kuwa Mkenya wa kwanza kurekodi kwa gitaa la umeme. Amplifaya za gitaa za transista zilianza kuonekana miaka ya 1960, kwa hiyo gitaa lolote la umeme lililosikika Afrika Mashariki katika miaka ya 1950 lilipita kwenye valvu, halikuwa na njia nyingine. Kizazi kilichofuata, cha bendi kama Them Mushrooms na Mombasa Roots, kilikulia kwenye kumbi za hoteli za Pwani. "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms ilipotoka mwaka 1982 transista ilikuwa imeshatanda kote, lakini wapiga gitaa wengi duniani walikataa kuiacha valvu, na mpaka leo hawajaiacha.

Je, wajua kwa nini valvu kubwa zina koo mbili? Sababu ni hataza. Mwaka 1926 Bernard Tellegen wa kampuni ya Philips, Uholanzi, alivumbua pentodi, valvu yenye gridi tatu, na kampuni yake ikaishikilia haki hiyo kwa nguvu. Wahandisi wa EMI huko Uingereza, Cabot Bull na Sidney Rodda, wakatafuta njia ya kuzunguka. Waliiondoa gridi ya tatu na badala yake wakaweka vibamba vinavyoukusanya mkondo uwe miale. Kampuni ya RCA ya Marekani iliuchukua uvumbuzi huo na mwaka 1936 ikatoa 6L6. Mdogo wake, 6V6, alifuata muda mfupi baadaye, na Waingereza wakatoa KT66 mwaka 1937. Philips nao walibaki na pentodi zao, na kutoka upande huo tukapata EL34 na EL84. Kwa hiyo unapotaka kutoa 6L6 na kuweka EL34, unavuka kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine, na majirani wa valvu hiyo ndani ya sanduku, yaani transfoma, rezista na nyaya, hawakualikwa kwenye ndoa hiyo.

Wajua kwamba hita ndiyo inayotangulia kuua? Hita ni ule waya unaowaka ndani ya kathodi kuipasha moto. Valvu zote za aya hii hutumia volti 6.3, na usawa huo ndio unaowadanganya watu wasitazame mkondo. 6V6 hutaka ampea 0.45. 6L6 hutaka 0.9. KT66 ni 1.3, EL34 ni 1.5, KT88 ni 1.6. EL84, ambayo ni nyembamba na ina pini tisa, hutaka 0.76.

Chukua Fender Twin Reverb, amplifaya ya Marekani yenye 6L6 nne na valvu ndogo sita. Kubwa zinavuta ampea 3.6 na ndogo 1.8, jumla 5.4. Toa 6L6, weka EL34 nne: kubwa sasa zinavuta 6.0, jumla 7.8. Ukitazama kijuujuu, ongezeko si hata nusu ya mzigo wa awali. Lakini joto ndani ya waya wa transfoma hupanda kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo waya wa transfoma unaolisha hita unapata joto zaidi ya maradufu ya lile uliloundiwa. Transfoma hiyo ilichorwa California miongo mingi iliyopita. Ipandishe jukwaani Diani mwezi Machi, jioni ya joto lisilopungua, saa nne mfululizo, ndani ya sanduku lililoegemezwa ukutani. Haitalalamika siku ya kwanza. Itachemka polepole, varnishi yake ya ndani itapasuka, na siku itakayokufa mwenyewe atalaumu umeme wa siku hiyo.

Kinyume chake, ukitoa EL34 na kuweka 6L6, mzigo wa hita unapungua. Hapo tatizo linahamia kwenye bayasi, ambayo tutaifikia punde.

Je, wajua kwamba pini namba moja ni mtego? Kwenye 6L6 ya kioo pini hiyo kwa kawaida haina kazi. Mafundi wa Fender waliiona tupu wakaitumia kama kituo cha kulehemu rezista ya gridi, jambo la busara lililowaokoa nafasi. Kwenye EL34 pini namba moja ndiyo gridi ya tatu, na inatakiwa iungwe na kathodi kwenye pini namba nane. Ukiichomeka EL34 kwenye Fender ya namna hiyo bila kugusa waya, gridi ya tatu inajikuta imeunganishwa na volti hasi za gridi ya kwanza na kupokea sauti ya gitaa isiyoihusu. Amplifaya itatoa sauti, na kwa kuwa inatoa sauti mtu huamini kazi imekamilika. Fundi makini huihamisha rezista kwanza, kisha huunga pini ya kwanza na ya nane kwa waya mfupi. Kazi hiyo haidhuru chochote ukirudi baadaye kwenye 6L6 za kioo.

Wajua maana ya bayasi? Ni volti hasi zinazokaa kwenye gridi ili kuamua valvu ivute mkondo kiasi gani ikiwa imepumzika, kabla hujagusa uzi. Kila aina ina kiwango chake. Katika amplifaya yenye volti 450 kwenye anodi, 6L6 huhitaji karibu volti 50 hasi ili itulie, wakati EL34 hutosheka na chini ya 40. Kwa hiyo ukiziweka 6L6 kwenye amplifaya iliyorekebishwa kwa EL34, zitavuta mkondo kupita kiasi mpaka mabamba yawe mekundu. Ukifanya kinyume, EL34 zitavuta kidogo mno na sauti itakwaruza kila noti inapofifia.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua wati ambazo anodi inaweza kustahimili, zidisha kwa 0.7, gawanya kwa volti za anodi. EL34 hustahimili wati 25: mara 0.7 ni 17.5, gawanya kwa 450, unapata karibu miliampea 39 kwa kila valvu. 6L6GC hustahimili 30, nayo inatoka karibu miliampea 47. 6V6 ya wati 12 kwenye volti 410 haifai kuzidi 20. Hicho ni kikomo cha juu. Hakuna anayekulazimisha ukifikie, na kwa joto la Pwani mimi ningebaki chini yake bila kusita.

Kuupima mkondo huo si kazi ya ajabu. Mafundi huweka rezista ya omu 1 kati ya kathodi na ardhi ya amplifaya, kisha hupima volti juu yake. Milivolti 39 ni miliampea 39. Rezista ya bei ndogo na mita ya kawaida vinatosha, na kazi ya mara moja inahudumia kila mabadiliko yatakayofuata.

Kuna amplifaya zisizohitaji marekebisho hayo. Vox AC30 ya Uingereza, yenye EL84 nne, hujirekebisha kwa rezista iliyo chini ya kathodi: mkondo ukipanda, volti zinapanda, na gridi inajibana yenyewe. Hizo husamehe mengi. Hazisamehi aina tofauti kabisa ya valvu.

Je, wajua kwamba transfoma ya kutolea sauti haina omu zake yenyewe? Inachofanya ni kuikuza spika machoni pa valvu. Katika Deluxe Reverb ya Fender, yenye 6V6 mbili, spika ya omu 8 huonekana na valvu kama mzigo wa karibu omu 6,600. Ukichomeka spika ya omu 4 mahali palepale, mzigo unakuwa karibu 3,300. Hapo ndipo penye ujanja wa wale wanaotaka kuweka 6L6 kwenye amplifaya ya 6V6: 6L6 hupenda mzigo mdogo zaidi, basi hubadilisha spika, si transfoma. Ujanja huo ni wa kweli na kwa upande wa mzigo unafanya kazi. Lakini hita bado zinataka ampea 1.8 badala ya 0.9, na transfoma ya umeme ya amplifaya ile ndogo haikuahidi hilo kwa mtu. Anayeupenda ujanja huu aipime kwanza volti ya hita ikiwa imebebeshwa mzigo mpya. Ikishuka chini ya 5.7 arudishe 6V6 zake.

Na faida yenyewe ni ipi? Wajua kwamba kuongeza wati maradufu hakuongezi sauti maradufu? Kutoka wati 22 hadi 44 ni desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua lakini halishtuki nayo. Ili sauti isikike mara mbili, wati zinatakiwa zipande mara kumi. Kwa hiyo anayebadilisha aina ya valvu akitafuta ukubwa wa sauti anahatarisha transfoma kwa kitu ambacho spika yenye ufanisi zaidi ingempa bila kugusa valvu hata moja. Anayetafuta tabia ya sauti, yaani jinsi noti inavyokwaruza na jinsi besi inavyokaza, huyo ana sababu. EL34 husukuma sauti za kati mbele na kuanza kukwaruza mapema. 6L6 hubaki safi kwa muda mrefu, na besi yake ni pana. Hata hivyo sehemu kubwa ya tabia hiyo inatoka kwenye mpangilio mzima wa amplifaya, na mimi naamini spika huchangia kuliko valvu.

Bendi za hotelini zilikuwa na shida iliyo kinyume: wageni wako mezani, meneja anataka sauti ipungue. Wajua kwamba amplifaya ya valvu nne inaweza kuchezwa na mbili? Unachomoa moja upande huu na moja upande wa pili, kamwe si mbili za upande mmoja, na wati zinabaki nusu. Kwa kuwa valvu mbili zinataka mzigo mara mbili ya ule wa nne, spika nayo iwe na omu mara mbili ya zile zilizoandikwa nyuma ya amplifaya. Sauti itashuka desibeli zilezile 3. Meneja huenda asitambue, lakini mpiga gitaa atapata ule mkwaruzo mtamu mapema zaidi.

Je, wajua kwamba hata watengenezaji wa amplifaya za Marshall walibadilisha aina ya valvu? Jim Marshall na mafundi wake Ken Bran na Dudley Craven, jijini London mwaka 1962, waliijenga amplifaya ya JTM45 kwa kufuata mchoro wa Fender Bassman. Walianza na 5881, ambayo ni ndugu wa 6L6 kutoka Marekani, wakahamia KT66 za Uingereza, na kabla muongo haujaisha wakatua kwenye EL34, ambazo ndizo zilizokuja kuwa sauti ya rock ya Kiingereza. Upatikanaji na bei za valvu vilihusika, kama vinavyohusika kwa kijana wa Ukunda leo. Tofauti ni kwamba kiwanda kilibadilisha pia bayasi na transfoma.

Wajua kwamba amplifaya huvuma kwa noti inayotegemea nchi uliyopo? Umeme wa Kenya ni volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde. Baada ya kunyooshwa kuwa umeme wa upande mmoja, mvumo unaobaki ni wa mizunguko 100, jirani kabisa wa uzi wa kwanza wa gitaa la besi, G, ambao ni 98. Marekani ni mizunguko 60, na mvumo wao ni 120. Tofauti hiyo ya umeme ina uzito kuliko noti ya mvumo. Amplifaya iliyoletwa moja kwa moja kutoka Marekani inataka volti 120. Ukiichomeka ukutani Diani bila transfoma ya kushusha, haichelewi kuungua. Na hata ukishusha volti, transfoma iliyochorwa kwa mizunguko 60 hupata joto zaidi kwenye 50. Ikiongezewa na EL34 zilizokuja bila mwaliko, hali inakuwa nzito.

Zile za Ulaya nyingi zina swichi nyuma ya kuchagua volti. Ikiachwa kwenye 220 na ukuta unatoa 250, hita zinapata karibu volti 7.2 badala ya 6.3. Kathodi inachakaa haraka, na valvu inayosemekana ni mbovu kumbe ilipikwa tu.

Je, wajua kwamba taa ya kawaida inaweza kuilinda amplifaya iliyokaa bila kuwashwa miaka mingi? Unaiunga balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 au 100, mfululizo na umeme unaoingia. Amplifaya ikiwa nzima, balbu humulika kidogo kisha hufifia. Ikiwa kuna mahali pamegusana, balbu huwaka kwa nguvu zote na kuubeba mzigo ambao ungeiunguza transfoma. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii, basi ukiona zile za waya madukani nunua mbili uweke. Pwani tunazihitaji kuliko watu wa bara. Hewa ya chumvi hutengeneza kutu kwenye pini na soketi, na karatasi ndani ya transfoma za zamani hunyonya unyevu. Pini chafu huigiza karibu kila ugonjwa wa valvu, kwa hiyo zisafishwe kabla ya kununua chochote.

Sasa kuhusu ardhi. Je, wajua kwamba vitu vingi vilivyomo ndani ya valvu vina ndugu zao katika udongo wetu? Kioo ni mchanga wa silika, na mchanga mweupe wa silika wa Pwani ya Kusini, wa Tiwi na Msambweni, umechimbwa kwa ajili ya vioo. Ndani ya kioo, vijiti na mabamba hushikiliwa na vipande vyembamba vya mika, madini yanayostahimili joto bila kupitisha umeme. Mika ilichimbwa milima ya Uluguru, Tanzania, tangu enzi za Wajerumani. Ule utando wa fedha unaouona juu ya kioo ni bariamu. Huchomwa ndani baada ya hewa kunyonywa, ukabaki pale kumeza gesi yoyote itakayojitokeza. Bariamu hiyohiyo, pamoja na strontiamu, hupakwa kwenye kathodi ili elektroni zitoke kwa joto la chini kuliko tangsteni tupu ingelihitaji. Bariti, jiwe linalotoa bariamu, lipo Vitengeni, Kilifi.

Kwale yenyewe ina zirkoni. Mgodi wa Base Titanium ulianza uzalishaji mwishoni mwa 2013, ukasafirisha ilmeniti, rutili na zirkoni kupitia bandari ndogo ya Likoni, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Zirkoni nyingi duniani huishia kwenye vigae na vyombo vya kauri. Lakini chuma chake, zirkoniamu, kikipata moto hufyonza gesi kwa pupa, na kwa sababu hiyo kilipakwa kwenye anodi za valvu kubwa za mitambo ya redio, zile ambazo zingevukiza bariamu kwa joto lao. Titani nayo ina tabia hiyohiyo, na maabara huitumia kunyonya mabaki ya hewa mahali panapotakiwa pawe patupu kabisa.

Halafu kuna Mrima, kilima cha kusini mwa Kwale karibu na mpaka wa Tanzania, chenye msitu, niobiamu, madini adimu ya ardhini, na mionzi ya asili inayotoka kwenye thoriamu. Wajua thoriamu ilifanya nini kwenye valvu? Irving Langmuir na wenzake wa General Electric waligundua kwamba asilimia moja au mbili yake ndani ya waya wa tangsteni huufanya utoe elektroni nyingi zaidi kwa joto la chini zaidi. Valvu kubwa kama 211 na 845 hufanya kazi hivyo, na waya wake huwaka mweupe kama balbu. Valvu za gitaa huwaka rangi ya chungwa tu, kwa kuwa zenyewe hutegemea bariamu. Kwangu mimi somo la kemia katika shule za Kwale lingeweza kuanza na valvu moja mezani na ramani ya kaunti ukutani.

Je, wajua kusoma rangi? Mwanga wa samawati unaocheza juu ya kioo hauna shida, ni elektroni zilizopotea njia zikigonga kioo. Mwanga wa zambarau kati ya mabamba ni gesi, na valvu hiyo imekwisha. Bamba jekundu ni amri ya kuzima papo hapo, si baada ya wimbo. Utando wa fedha ukigeuka mweupe kama chokaa, hewa imeingia, na huna haja hata ya kuiwasha.

Wajua kwamba valvu ya kunyoosha umeme nayo ina aina zake? GZ34 hupoteza volti chache, 5Y3 hupoteza nyingi na hutoa mkondo mdogo. Kuzibadilishana hupandisha au kushusha volti za amplifaya yote, na bayasi huhama nazo. Zipo pia soketi za kati, maarufu kwa jina la Yellow Jackets, zilizotolewa na kampuni ya THD, zinazoruhusu EL84 ndogo kukaa mahali pa 6L6 au EL34 zikiwa na bayasi yao ya kathodi. Hita zinavuta kidogo, wati zinapungua, waya hauguswi. Katika mabadiliko yote ya ukoo niliyoyataja leo, hili ndilo ningelipendekeza kwa mtu asiye na fundi karibu.

Je, wajua uhusiano wa mbega wa Diani na fundi wa amplifaya? Ndege hukaa juu ya waya mmoja wa umeme akaruka salama. Mbega hushika waya mmoja huku mkono mwingine ukigusa wa pili, na umeme hupita kifuani. Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa Diani mwaka 1997, limefunga madaraja ya kamba juu ya barabara na kushughulikia nyaya zivikwe au miti ipunguzwe matawi kwa ajili hiyo. Fundi wa valvu hufuata kanuni hiyohiyo: mkono mmoja kazini, mwingine mfukoni, viatu vikavu. Kapasita za ndani hushika volti 400 na zaidi hata baada ya plagi kuchomolewa. Zima, chomoa, ziondoe volti kwa rezista, kisha upime kwa mita uone sifuri kabla kidole hakijaingia.

Wajua kwamba amplifaya ya valvu haiwashwi bila spika? Nguvu isiyo na pa kwenda hurudi kwenye transfoma kama volti kubwa zinazotoboa waya wake. Kabla ya kujaribu valvu mpya hakikisha spika imechomekwa, na chomeko lenyewe halilegei.

Na za kununua zinatoka wapi? Leo nyingi hutengenezwa Slovakia katika kiwanda cha JJ huko Čadca, Urusi mjini Saratov, na China. Machi 2022 Urusi ilizuia valvu zisitoke nchini kwa muda, na bei zikaruka duniani kote. Tangu hapo wengi walianza kuchimba akiba za zamani za Kisovieti, na hapo majina huchanganya. 6P6S ni jamaa wa 6V6. 6P14P hukaa mahali pa EL84, ambayo Wamarekani huiita 6BQ5. 6P3S-E imeuzwa miaka mingi ikiwa na jina la 5881. 6CA7 ni EL34 kwa jina la Kimarekani. Na 6L6 ya 1936, 6L6G na 6L6GC si kitu kimoja: ya kwanza hustahimili wati 19, ya mwisho 30. Unapoagiza kutoka Diani, andika herufi zote za mwisho, omba jozi iliyopimwa pamoja, na ongeza moja ya akiba, kwa sababu kifurushi kinachovuka bahari, Mombasa na feri ya Likoni kimetikiswa mara nyingi kabla hakijafika Ukunda.